Mikono, Petroli na Umeme katika Njia ya Shanzu

Njia itokayo kisiwani Mombasa, ikavuka maji kwa daraja la Nyali, ikapita Kongowea na Bamburi, ikaiacha Utange mkono wa kushoto na bahari mkono wa kulia, mpaka ikafika Shanzu na kuteremkia hori la Mtwapa, si njia ndefu kwa mwenye chombo cha leo. Lakini yaliyopita juu yake kwa muda wa karne moja na ushei yanatosha kumwonyesha mtu aina zote za nguvu ambazo wanadamu wa pwani yetu wamepata kuzitumia ili wajisafirishe wao na mizigo yao. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika mabaraza ya madereva na mafundi wa sehemu hizo umezuka mjadala ambao haujatulia, nao ni huu: je, gari la umeme laweza kumridhisha mtu anayependa kuendesha, yaani yule ambaye usukani kwake si chombo cha kumfikisha kazini tu, bali ni starehe, ni ustadi na ni fahari? Wako wasemao kuwa gari lisilonguruma ni gari lililokufa kabla ya kuzaliwa, na wako wasemao kuwa mngurumo ni uchovu uliovikwa vazi la sifa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki yao, ila zote mbili zimesahau yaliyotangulia, na mwenye kuyasahau yaliyotangulia hulipima jambo jipya kwa kipimo kifupi.

Kabla ya petroli palikuwa na mikono. Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikishika utawala wa nchi hii ilianza kutandika reli nyembamba kwa nia ya kwenda nayo bara, isifike mbali. Na vyuma vilivyosalia vikatumika mjini Mombasa kwa vigari vidogo vyenye kivuli cha turubai juu na kiti cha watu wachache, ambavyo vilisukumwa na watu kwa nguvu za mabega yao. Kwa vigari hivyo mabwana wa serikali na wafanyabiashara walikwenda baina ya mji wa kale na Kilindini, na mwenye cheo alikuwa na kigari chake na wasukumaji wake waliovaa sare, kama vile mwenye cheo wa leo awavyo na gari na dereva. Wasukumaji walizijua kona zote, wakajua mahali pa kukimbia na mahali pa kurukia nyuma ili kigari kiteremke chenyewe, na ustadi huo ulipata wenye kuusifu. Katika miaka ya 1920 motokaa zilikuwa zimekwisha kuwa nyingi, reli zikang'olewa, na ustadi ule ukatoweka pamoja na jasho lake. Sidhani kama yupo mtu mwadilifu ambaye angependa urudi.

Upande wa bara ya kaskazini, ambako ndiko iliko Shanzu, mambo yalikwenda polepole zaidi, kwani maji yaliuzunguka mji na kuuzuia. Daraja la kwanza la Nyali, lililokuwa likielea juu ya maboya na kupanda na kushuka pamoja na maji, lilijengwa mwaka 1931, na mwenye kuvuka alitozwa ushuru; daraja la zege tunalolipita sasa halikuja mpaka mwaka 1980. Na aliyekwisha kuvuka Nyali, akapita Shanzu, alikutana na hori la Mtwapa, ambako kwa miaka mingi palikuwa na kivuko kilichovutwa kwa mikono kwa mnyororo uliotandazwa kutoka ng'ambo hii hadi ile, nao wavutaji walikuwa wakiimba na kupiga vishindo vya miguu kwa pamoja, mmoja akianza na wengine wakiitikia, hata wasafiri waliotoka mbali walikuwa wakikitaja kivuko hicho kwa nyimbo zake kuliko kwa kazi yake. Hebu tafakari jinsi lilivyokuwa jambo lenyewe: motokaa yenye nguvu za farasi wengi imezimwa, imetulia juu ya mbao, nayo inavushwa na watu waimbao. Nguvu mbili za zama mbili zilikutana hapo kila siku, na nguvu mpya ndiyo iliyokuwa abiria.

Sasa na tuje kwenye umeme, kwani hapa ndipo wengi wetu hukosea hesabu za miaka. Tunazungumza kana kwamba petroli ni babu na umeme ni mjukuu aliyezaliwa jana, ilhali katika pwani hii umeme ndio uliotangulia. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alijipatia jenereta ya kuiangazia kasri yake na njia za jirani, katika wakati ambao hapana mtu wa Mombasa wala wa Unguja aliyepata kuiona motokaa. Na jenereta hiyo, baada ya kununuliwa na mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jivanjee wa Mombasa, iliingia mwaka 1908 mikononi mwa kampuni ya Mombasa Electric Power and Lighting, ambayo mwaka 1922 iliungana na mwenzake wa Nairobi wakawa East African Power and Lighting. Historia ya umeme wa Kenya inaanzia katika chombo kile kilichotoka kwa Sultani.

Kadhalika katika nchi za nje. Mwanadamu wa kwanza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa akiwa juu ya gari la barabarani hakuwa na tone la petroli: alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy, tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris, katika gari la umeme lenye umbo la risasi aliloliita La Jamais Contente, maana yake lisiloridhika kamwe. Huko Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini magari ya umeme, ya mvuke na ya petroli yalikuwa yakishindana bila ya mshindi kujulikana, na watu wa mijini aghalabu waliupenda umeme kwa kuwa haukuwa na moshi wala haukuhitaji mtu asimame mbele ya gari azungushe chuma cha kuwashia, chuma ambacho kilipata kuwavunja watu mikono. Kilichoipa petroli ushindi ni mambo matatu hivi: Ford alianza kutengeneza gari la bei nafuu mwaka 1908, Charles Kettering akabuni kiwashio ambacho Cadillac walikitia katika magari yao ya mwaka 1912, na kwa kejeli ya majaliwa kiwashio hicho kilikuwa mota ya umeme, na la tatu, ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote, petroli ilikuwa ikibebeka. Debe moja la petroli liliweza kupelekwa popote palipo na kichwa cha mtu au mgongo wa punda, likafika Takaungu, likafika Mariakani, likafika mahali ambapo nguzo ya umeme haikufika mpaka wajukuu wa wabebaji walipokuwa wazee. Gari la umeme la mwaka 1910 lingeletwa Shanzu lingekwenda mara moja tu, kisha lingekuwa banda la kuku.

Basi petroli ikashika nchi, na katika kushika nchi ikazaa mapenzi. Mwaka 1926 Lionel Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, alisafiri kwa gari lake aina ya Riley kutoka Nairobi hadi Mombasa akikata njia katika nchi ya Taru isiyo maji, na safari hiyo ikahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake. Miaka ishirini na saba baadaye, katika mwaka 1953, yalianzishwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo ndiyo yaliyokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally. Hapa sharti nikae kidogo, kwani yeyote atakaye kufahamu kwa nini kijana wa Shanzu hulilia sauti ya injini hana budi kuyafahamu mashindano haya.

Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati ambao aghalabu masika yamekwisha kuanza, na njia za udongo zikawa tope la kumeza magurudumu. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kati ya makumi yaliyoondoka. Siri ya kufika haikuwa mbio peke yake. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, mtoto wa fundi na fundi yeye mwenyewe, ambaye watu walimpa jina la Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Na wote waliomfahamu walishuhudia kuwa alikuwa akilisikiliza gari kama tabibu amsikilizavyo mgonjwa kifuani. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara ya kwanza mwaka 1973, akiwa na alama sawasawa na Harry Källström wa Sweden, na hukumu ikampa yeye. Kisha akashinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Watu hawa hawakuwa mabingwa wa kuletwa. Walikuwa wenyeji walioyajua mavumbi yetu, na mgeni wa ng'ambo hakupata kuwashinda mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipokuja na Ford Escort mwaka 1972. Ndiyo maana ushindi wao ulikuwa ushindi wa mafundi wote wa nchi hizi, maana gari lililoshinda Pasaka lilionekana wiki ya pili yake, au ndugu yake wa tumbo moja, likipakia watu stesheni.

Na kweli lilipakia. Peugeot ile ile iliyosifika katika matope, baada ya kugeuka 504 na kurefushwa nyuma ili iwe na safu tatu za viti, ndiyo iliyowabeba watu baina ya Mombasa na Malindi katika miaka ya 1970 na 1980, ikipita Shanzu kwa mwendo uliowafanya wapanda baiskeli washuke kandokando. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila ya leseni maalumu za usafirishaji, na wakati huohuo hoteli za ufuo wa Shanzu zilikuwa zikiinuka moja baada ya nyingine, zikitaka watumishi wafike alfajiri na kurudi usiku, zikitaka mboga, samaki na wageni kutoka uwanja wa ndege. Madereva wa wakati huo walikuwa watu wa heshima. Dereva aliyeanza kazi kwa kuwa utingo, akapanda mpaka akakabidhiwa usukani, alijua kwa sikio lake kama plagi moja imechoka, alijua kwa nyayo zake kama klachi imeanza kuteleza, alijua kwa pua yake kama mafuta yanavuja juu ya bomba la moshi, na alibadilisha gia bila ya abiria kutikisika. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Ilipitishwa chini ya miembe, kwa kushika spana na kwa kukemewa.

Haifai kuficha kwamba mapenzi hayo yalikuwa na damu ndani yake. Barabara ya Malindi imewazika watu wengi, na serikali ilipolazimisha mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa mwanzoni mwa mwaka 2004, kwa kanuni ambazo watu waliziita kwa jina la waziri John Michuki, madereva wengi walinung'unika kwamba wamenyang'anywa ustadi wao. Mimi naona walikosea. Ustadi wa Joginder ulikuwa katika kulifikisha gari, na hapana bingwa wa Safari aliyepata kusifiwa kwa kuwatia abiria kumi na wanne hofu.

Mombasa nayo iliishi kwa petroli kwa namna iliyozidi usafiri. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka 1963, na bomba la kupeleka mafuta Nairobi likakamilika mwaka 1978. Familia nyingi za bara zilijenga nyumba na kusomesha watoto kwa mishahara ya huko. Hata umeme wa Mombasa ulitegemea mafuta yaliyochomwa katika mitambo ya Kipevu, jambo ambalo wapinzani wa gari la umeme hulitaja mara nyingi. Lakini kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na umeme mwingi wa Kenya leo hutoka katika mvuke wa ardhi wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Turkana. Kwa hiyo hoja ya kuwa gari la umeme ni gari la mafuta lililojificha haina tena uzito iliokuwa nao.

Mwezi Septemba mwaka 2023 mambo mawili yalitokea karibu karibu. Tarehe mosi Rais William Ruto alikuwa Mombasa akizindua mpango wa taifa wa vyombo vya umeme, akianzia na pikipiki. Na kabla mwezi haujaisha lita ya petroli ilipita shilingi 200 kwa mara ya kwanza. Mwenye bodaboda wa Shanzu hakuhitaji mwalimu wa hesabu. Pikipiki ya umeme hubadilishiwa betri kituoni kwa dakika chache, haina plagi, haina kabureta, haina mafuta ya injini ya kumwaga kila baada ya wiki kadhaa. Kabla ya hapo, kampuni ya Opibus, iliyoanza mwaka 2017 na ambayo sasa yaitwa Roam, ilikuwa imekwisha kung'oa injini za Land Cruiser na Land Rover za watalii na kutia mota mahali pake, ili wageni wamkaribie simba bila kumshtua. Na mabasi ya umeme ya BasiGo, yaliyoanza kubeba watu Nairobi mwaka 2022, yamepata kuunganishwa hapa hapa Mombasa katika karakana ya Associated Vehicle Assemblers. Mkono wa fundi wa Mombasa, basi, umekwisha kuugusa umeme.

Na mpenzi wa usukani apata nini? Insafu yataka tuseme yote mawili. Injini ya petroli haina nguvu kamili mpaka izunguke kwa kasi fulani, ndiyo maana gia zikahitajika, na katika kuzicheza gia ndimo ulimozaliwa utamu wa kuendesha. Mota ya umeme hutoa msukumo wake mkubwa tangu gari likiwa limesimama tuli, hata dereva wa gari la gharama kubwa la petroli huachwa nyuma taa ikigeuka kijani. Injini hupoteza sehemu kubwa ya mafuta yake kwa joto tupu; mota hugeuza karibu umeme wote kuwa mwendo. Betri huwekwa chini sakafuni, na gari likashika njia kwa uthabiti konani. Hizo ni faida za kweli, wala mwenye kuzikana hajaliendesha gari lenyewe. Lakini betri ni nzito, joto letu la kaskazi halizipendi, chumvi ya bahari hula viungio vya shaba, na kutoka Mombasa kwenda Nairobi ni kilomita karibu 485 ambazo debe la petroli bado lazijua kuliko waya. Zaidi ya hayo, sikio la fundi halina kazi mbele ya mota: ugonjwa wake husomwa katika kompyuta, na kompyuta hiyo mara nyingi haifunguki ila kwa ruhusa ya aliyeitengeneza ng'ambo. Hapo ndipo lilipo jeraha, wala si katika kelele iliyokosekana.

Pwani imepata kupita katika jambo hili hili baharini. Injini ilipoingia katika mashua na majahazi, manahodha walisema elimu ya kaskazi na kusi imekwisha. Na kazi ya kubeba mizigo kweli ilihama. Tanga, hata hivyo, halikufa. Lamu mpaka leo hufanya mashindano ya mashua za tanga, na nahodha ashindaye hupewa heshima ambayo mwenye boti la injini haipati kamwe. Nguvu iliyotolewa kazini iliingia katika mchezo, na mchezoni ikahifadhiwa. Naona injini ya petroli imeanza kushika njia hiyo. Safari Rally, baada ya kurudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilikimbiwa tangu 2022 hadi 2024 na magari ya daraja la juu yenye petroli na mota ya umeme pamoja. Kisha mwaka 2025 mota ikaondolewa, petroli ikaachwa peke yake. Na yale mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yamepata kuziteremsha mpaka ufuo wa Mombasa Datsun, Escort na Porsche za zamani, watoto wakatoka madarasani kuja kuzisikia.

Hukumu yangu basi ni hii: kazi ya njia ya Shanzu, yaani tuktuk, bodaboda, matatu na mabasi ya hoteli, ni ya umeme, kwa kuwa masafa ni mafupi, nchi ni tambarare na petroli ni ghali; na mchezo wa njia ndefu za vumbi utabaki kwa muda mrefu kuwa wa petroli, nao unastahili kubaki. Kwa hiyo nakuomba wewe msomaji ambaye una Peugeot au Datsun ya marehemu mzee wako imelala chini ya mwembe huko Majaoni, Utange au Mtwapa, usiipe wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mtafute kijana mwenye bidii, mwite fundi mzee aliyesalia mtaani kwenu, waambie waiamshe pamoja, na kijana huyo huyo apelekwe chuoni asomeshwe mota na betri, ili siku gari la umeme litakapoharibika mbele ya duka lako asiwe mtu wa kungoja ruhusa ya ng'ambo.